Kitanzi cha Waya na Mashine ya Jirani

Mimi kutulia sijui. Mke wangu alikuwa akisema nilizaliwa nimemwagiwa upupu, na miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na kila mtu wa Songea akaanza kuleta mjini kitu chenye mota, upupu wangu ulizidi.

Kiwanja chetu kilikuwa kidogo mno: nyumba, jiko la nje, migomba kadhaa, uzio. Kwa mwalimu kama mimi, mtu wa redio za ridhaa, anayetafuta sauti za mbali kwa kupenda tu, hapo hakuna pa kutandazia antena. Kibali cha kurusha sauti nilikuwa bado nakisubiri, kwa hiyo nilikuwa msikilizaji tu. Na upande wa kaskazini, ng'ambo ya uzio, jirani aliyehamia kutoka Makete akafunga mashine ya kusaga ya umeme. Akiiwasha, redio yangu inakoroma mpaka jioni. Nilimchukia, sifichi.

Ningevumilia kama si mama. Mama alikwenda Nakapanya, huko Tunduru, kumsalimia dada yangu, akaugua huko, wakamlaza hospitali ya misheni, Mbesa. Lori la mwisho kabla masika hayajaikata barabara liliniletea ujumbe wa dada: kila alasiri, muuguzi wa pale akimaliza kuongea na vituo vingine kwa redio ya upepo, atasema neno moja juu ya mama, nisikilize. Redio ya misheni hapa mjini ilikuwa imepigwa na radi. Basi ikabaki yangu, isiyoweza kuuliza wala kujibu.

Nikaanza kuhangaika na antena. Waya mrefu, kutoka paani hadi kwenye mparachichi, ulileta sauti ya Mbesa kwa nguvu, na mashine nayo kwa nguvu ileile. Waya wa kulaza chini, kando ya uzio, ulipunguza ukorofi, lakini kuku waliukwarua na mvua ikaufukia. Mwisho nikatengeneza fremu ya mbao, nikaizungushia waya wa mota iliyoungua. Kifaa hicho nilipokiita kitanzi, mke wangu alikataa jina hilo kutajwa nyumbani wakati mama anaumwa, nasi tukakiita duara. Duara lilisikia kwa unyonge sana. Nikalidharau, nikalisukumia nyuma ya mlango, nikarudi kwenye waya mrefu. Mtu mwenye haraka hupenda kinachopiga kelele.

Alasiri ya siku iliyofuata mashine ilikuwa inasaga mahindi ya mtaa mzima. Mimi na mke wangu tumeinamia redio. Sauti ya muuguzi ikapanda, ikazama, ikapanda tena: "Mwalimu wa Songea, mama amepumzika..." Halafu mkoromo ukameza kila kitu.

Jamani, kwa Kiswahili chetu cha kanisani neno hilo halina tafsiri mbili. Mke wangu alitoka nje ameshika kichwa, na kilio chake kikaita majirani. Kabla giza halijaingia akina mama wa jumuiya walikuwa wameshatandika mikeka, unga umeletwa, kuni zimeletwa, rozari imeanza. Na jirani yangu, yule niliyemchukia, alizima mashine, akafunga mlango, akaja kukaa nami kwenye benchi. Aliniambia haisagwi wakati wa msiba, wateja watasubiri.

Kesho yake nilishindwa kukaa. Watu wananipa pole, mimi miguu inacheza. Nilitaka kujua wanamzika wapi, lini, nani yuko na dada. Ilipofika alasiri nikaingia ndani, nikawasha redio. Mashine kimya, lakini sasa radi za mbali zilikuwa zinapasuka kwenye waya mrefu, kila sekunde. Kwa hasira nikaung'oa, nikalivuta duara kutoka nyuma ya mlango. Nikaligeuza, nikaligeuza tena. Lilipoelekeza ubavu wake Tunduru, radi zikabaki kunong'ona, na sauti ikaja ndogo, safi.

"Mwalimu wa Songea, mama jana alipumzika vizuri baada ya homa kushuka. Leo amekunywa uji. Anauliza kuku wake wanalishwa na nani."

Nilitoka nikiwa bado nimeshika duara mkononi. Nikawaambia watu mama yu hai. Hakuna aliyecheka. Mke wangu akauliza, kwa sauti ya chini, kama nimesikia au nimetamani. Nikarudia maneno yote, mpaka ya kuku, na hapo kwenye kuku ndipo alipoamini, maana hayo ni mama mtupu.

Jirani alisimama, akajifuta magoti, hajui aage vipi msiba usiokuwapo. Nikamshika mkono.

"Jirani, kawashe mashine."

"Na redio yako?"

Nilimwonyesha duara. Nikamweleza kwamba likimtazama yeye uso kwa uso halimsikii kabisa, huku ubavu wake unaisikia Mbesa. Akatania kwamba kumbe kwake duara ni sikio la kufa, halisikii dawa, naye akaenda zake kufungua mlango.

Wanawake walikuwa wanakunja mikeka mashine ilipoanza kunguruma. Nilisimama katikati ya kiwanja kile kidogo nikiusikiliza mngurumo wote, kwa masikio yangu mwenyewe, na ndipo nilipolia.