Mpiga Dramu na Mguu wa Mpiga Besi

Haya ninayoandika hamtayaamini, na sitawabembeleza. Mimi niliyeacha shule darasa la sita, mwalimu alipoishiwa vya kunifundisha, ndiye niliyenusa siri ambayo bendi nzima haikuinusa.

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, huu ni mwaka wake wa kumi na moja akipiga dramu kwenye bendi hiyo. Tunamwita Radi. Kiti cha dramu ndicho maisha yake. Lakini tangu mwaka jana, akiwa jukwaani, hatazami mtu usoni. Macho yote kwenye mguu wa mpiga besi. Na mpiga besi ana mke! Na kiongozi wa bendi ana sheria: mapenzi ndani ya bendi, unatoka.

Nikaanza kumchunguza. Simu anaipokelea sikio la kulia tu, kwa nini? Ukimwita kutoka jikoni, haitiki. Nikasema, kashanaswa huyu.

Jumamosi mchana nikaenda mazoezini, nikajibanza nyuma ya pazia. Wimbo umekolea, mpiga besi akauinua ule mguu akaupumzisha juu ya kiti, vidole vikiendelea na kazi. Radi akaacha kupiga.

"Mbona umekata?" kiongozi akafoka.

"Si yeye kaacha?" Radi akamnyooshea kidole mpiga besi.

"Nimeacha wapi, dada? Mguu tu umekufa ganzi."

Radi akainamisha kichwa, akakiri. Sikio la kushoto, lililokaa miaka yote ubavuni mwa spika kubwa, lilikuwa linapiga mluzi mchana na usiku, na muziki wote umekuwa mvumo mmoja. Mapigo alikuwa anayasoma kwenye mguu wa mwenzake, uliozoea kugonga sakafu kila pigo.

"Muda gani unatuficha?"

"Miezi kumi. Ningesema, ungeniacha?"

 Kiongozi alimtuma kwa daktari wa masikio, naye akasema kilichopotea hakirudi, kilichobaki kilindwe: avae vizibo, spika ihamishwe. Mazoezi yaliyofuata, nami nikiwa tena nyuma ya pazia, kiongozi akaanza kujikuna kichwa, anamtazama Radi, anaitazama spika. Nikaona kabisa huyu bwana anatafuta mpiga dramu mwingine.

Hapo ndipo nilipotoka mbele. Nikamwambia, "Ukimtoa huyu, umeua bendi!" Nikaikamata ile spika, nzito kama ng'ombe wawili, nikaitupa begani, nikavuka nayo jukwaa zima huku wanamuziki wakinipisha njia, wala sikutoa hata tone la...

"Mjomba!" Kumbe Radi yuko nyuma yangu, anasoma ninayoandika. "Spika ina magurudumu. Na niliyeisukuma ni mimi."