Mchawi Anayemkimbia Malkia

Juzi nilikuwa kwenye ofisi moja pale Lagangabilili. Jengo jipya, rangi inanukia, ila mtandao wa ofisi unasumbua, tukabaki kwenye benchi tunatazamana. Binti mmoja akatuhurumia, akaanza kutusomea kwenye simu yake hadithi ya kichawi inayotoka kila wiki. Ina mchawi wa joho jeusi anayechinja majoka kama kuku, lakini malkia akitokea tu, anajifunika uso na kutokomea.

"Anapanga kumpindua," alisema kijana wa kofia nyekundu, aliyekuwa amejibana karibu na binti na ameshamwambia mara mbili kwamba yeye bado kapera.

"Mnajisumbua," akasema mama mmoja aliyekuwa akitafuna karanga. "Huyo kaoa binti wa malkia. Anamheshimu mama mkwe."

Benchi zima likacheka. Kweli, Usukumani mwanamume aliyeshika mila hakutani uso kwa uso na mama mkwe wake. Lakini mchawi?

"Mama, hizo ni mila zetu," kijana akasema huku akifuta machozi ya kicheko. "Mchawi wa kwenye simu azijulie wapi?"

Mara akaingia mama mwingine, mwavuli mkononi. Kijana akaruka kama aliyekalia siafu, akashusha kofia hadi puani, akageukia ukuta. Mgeni naye akajifunika kanga usoni, akarudi nje.

Binti akazima simu. "Kapera," akauliza, "na wewe unapanga kumpindua?"

Kijana akaendelea kuutazama ukuta.

Mwandishi wa hadithi ile, popote ulipo, siri yako imeshavuja Lagangabilili.