Siku Niliyowapeleka Wenzangu Kwenye Visiwa Visivyokuwepo

Kuna watu hapa Kasulu mpaka leo wakipita mbele ya duka langu hawaniiti Mama Hija, wananiita Kisiwa, na mimi naitika tu, nitafanyaje, jina nimejitafutia mwenyewe mchana kweupe. Wanacheka na mimi nacheka nao. Lakini wanaocheka wanaijua ile nusu ya kuchekesha. Ile nusu nyingine ndiyo nikiikumbuka niko peke yangu natoa sauti, "aa!", kama mtu aliyekanyaga mwiba.

Mimi nauza vitenge na madira sokoni. Marehemu baba yangu alitoka Pangani akaja huku kufanya biashara, akaoa, akabaki, na mimi nimezaliwa hapahapa Kasulu, milimani, kwenye baridi na ukungu. Pangani nilipelekwa mara moja nikiwa mdogo, nikaiogopa bahari, nikalia mpaka shangazi akanirudisha ndani. Lakini kwa watu wa hapa mimi ni mtu wa pwani, kwa jina langu la Mwanaidi na kwa Kiswahili cha baba, na sijawahi kuwakatalia. Ukiitwa mtu wa pwani unahesabiwa kuwa unajua mambo: unajua pilau, unajua kumpamba bibi harusi, unajua maji. Pilau najua kweli.

Sasa tulikuwa na kikundi chetu cha wanawake wa mazoezi, asubuhi tunatembea kwa kasi mpaka kule chuo cha ualimu na kurudi (kutembea kidogo, maneno mengi). Humo ndimo alimokuwa Leokadia, muuguzi, Muha wa hapahapa, shosti wangu, tulikuwa chanda na pete. Basi Leokadia akapata uhamisho wa Kibondo. Kibondo si Ulaya, najua, lakini mtu uliyezoea kumgongea dirisha kila alfajiri, akiambiwa anaondoka unahisi kama umeng'olewa jino.

Wenzake wa kazini wakataka kumwandalia sherehe ukumbini. Yeye akatuambia tukiwa njiani, huku anahema, "Mimi keki na viti vya plastiki nimechoka navyo. Nimezaliwa mkoa huu, ziwa naliona kila nikienda Kigoma, lakini sijawahi kukaa juu ya maji hata siku moja. Hilo tu ndilo nataka kabla sijaondoka."

Wote wakageuka wakaniangalia mimi. Na mimi, badala ya kusema tumtafute mtu anayejua, nikasema, "Niachieni mimi. Maji ni nyumbani kwetu."

Jioni ile nikaingia kwenye simu nikaandika ziwa, nikaandika kayaki (ile mitumbwi midogo ya plastiki ya kukaa mtu mmoja au wawili), na picha ikaja, jamani, picha! Maji ya buluu, visiwa vya kijani vimepangana kama mtu kavimwaga kwa mkono, na watu wanapiga makasia kutoka kimoja kwenda kingine huku wanacheka meno yote nje. Chini yake kumeandikwa Tanganyika. Nikajiambia, si ndiyo hilohilo la kwetu? Nikairusha kwenye grupu na sauti yangu juu yake: jamani, siku nzima tunazunguka visiwani, kisiwa cha kwanza tunakunywa chai, cha pili tunakula, cha tatu tunamwombea Leokadia, Muislamu dua yake, Mkristo sala yake, tunarudi jua likizama. Grupu ikawaka moto. Mwalimu Tumsifu, Mchaga aliyeletwa huku na kazi, ambaye kwa kawaida hasifii kitu chochote kisicho cha Moshi, akaandika, "Mama Hija, wewe ni mtu mwingine." Leokadia akaenda kazini kwake akawaambia ukumbi waache, hauhitajiki.

Niliuliza? Niliuliza, msinione mjinga kabisa. Nilimpigia simu mwenye kayaki kule Kigoma, akasema zipo, na maboya ya kuvaa yapo, nikamuuliza, "Na visiwani tutazunguka?" Mtandao ukawa unakatika, nikamsikia anasema, "Mtazunguka popote mnapotaka, mama." Nani anauliza mara mbili kama ziwa lina visiwa?

Siku ya safari Leokadia akamleta mama yake. Bibi Yustina, mwanamke wa kijijini upande wa Heru Juu, mrefu, mkimya, amekuja na kikapu kimefungwa kwa kanga, ndani yake ugali wa muhogo, maharage na ndizi za kupika, amepika alfajiri kwa mkono wake. Akanisalimia, akanishika mikono yote miwili. "Mwana wanje," akaniambia, yaani mwanangu kwa Kiha, "huyu ndiye wa mwisho niliyebaki naye. Lakini nikisikia yuko na mtu wa maji, moyo unatulia." Nami nikamjibu, "Usiwe na shaka, mama." Nikamjibu hivyo, tena kwa tabasamu.

Tukakodi Haisi, tukashuka na milima tukiimba, mpaka ziwa likatokea pale chini, kubwa, jeupe kwa jua, na wote tukasogea madirishani. Mimi nikawa natazama huku na huku. Natafuta visiwa. Nikasema moyoni labda viko nyuma ya kilima.

Ufukweni wenzangu wakavua viatu, wakaanza kupiga picha, mimi nikamvuta pembeni mwenye kayaki, kaka mmoja mnene mwenye kofia ya majani, nikamwonyesha ile picha. Akaisogeza karibu na macho.

"Ahaa, hivi viko Kipili," akasema. "Rukwa huko, kusini. Ziwa ni hilihili, ila ukitaka kwenda ni safari ya meli. Hapa kwetu hakuna visiwa, mama."

"Hata kimoja?"

"Hata kimoja. Lakini maji ni mazuri."

Nataka mnielewe hapo nilipokuwa nimesimama. Nyuma yangu Leokadia anacheka kama msichana, amekunja suruali, maji yamemfika kwenye vifundo vya miguu na kwake hiyo tayari ni sikukuu. Ningegeuka nikasema, "Jamani, nimekosea, visiwa viko Rukwa," wangenicheka kwa dakika chache, wangenitania wiki nzima, basi. Lakini nikainua macho, nikaona kwa mbali kule majini kitu cha kijani kimetulia, kidogo, kimejikunja juu kama kilima, na mdomo wangu ukasema, "Kile pale! Kisiwa chetu cha kwanza!"

Wakapiga vigelegele. Yule kaka mwenye kofia akafungua mdomo, akaniangalia, akaufunga. (Baadaye aliniambia alidhani natania.) Na Bibi Yustina, aliyekuwa amekaa kivulini na kikapu chake, nikamwambia, "Mama, tukifika tutaleta boti ikuchukue wewe na chakula." Akasimama, akakining'iniza kikapu mkononi, tayari.

Tukaingia majini wawili wawili, mimi nyuma, Leokadia mbele yangu, kwa sababu nani mwingine angekaa na nahodha? Kayaki yetu ikaanza kuzunguka mahali pamoja kama kuku aliyekatwa kichwa, nikasema hiyo ndiyo staili ya Pangani ya kupima maji. Hatimaye ikanyooka. Na kwa kitambo, wallahi, ilikuwa raha. Leokadia alikuwa anatumbukiza mkono, anaangalia maji yanavyopita katikati ya vidole. Kisha akasema bila kugeuka, "Mwanaidi, sitasahau hii." Nami nikapunguza kupiga kasia, maana kadiri tunavyokisogelea kile kisiwa ndivyo ninavyoona kina watu wengi mno kwa ukubwa wake. Kisha nikaona ndoo inashushwa. Kisha nikasikia redio.

Ilikuwa boti ya mizigo. Boti ndefu ya mbao kutoka vijiji vya kaskazini, imepakia mikungu ya ndizi mpaka juu na kufunikwa majani ya migomba kwa ajili ya jua, na juu ya ndizi wamekaa abiria, na mashine imewazimikia wamekaa hapo wanasubiri fundi wao ahangaike nayo.

"Mama Hija," Mwalimu Tumsifu akaita kutoka kayaki ya pili, kwa ile sauti ya darasani, "kisiwa chako kina injini."

Na injini ikawaka hapohapo. Ikakohoa, ikatoa moshi, kisiwa kikageuka kuelekea mjini, na mawimbi yake yakaja kwetu kwa ubavu. Si makubwa. Waliokaa wametulia hayakuwafanya kitu. Mimi nilisimama. Sijui kwa nini nilisimama, mtu akiogopa nchi kavu husimama akimbie, nami miguu yangu ilitaka kukimbia.

Tukapinduka.

Hapa ndipo wale wanaoniita Kisiwa hawapajui vizuri. Boya nilikuwa nimevaa. Ningetulia lingenishika. Lakini maji yaliponiingia puani sikuwaza boya, sikuwaza urafiki, nilimshika Leokadia mabegani nikampanda. Nikampanda kama ngazi. Alikwenda chini, akaibuka, akasema, "Niachie!", nikazidi kumkandamiza, akaenda chini tena, akaibuka anakohoa, "Mwanaidi, niachie, utaniua!" Nilimsikia. Nilimsikia kila neno na mikono yangu haikuachia. Ni watu wa boti waliorudi wakatutupia kamba, na mmoja akaruka majini akanibandua vidole kimoja kimoja.

Wakatutandaza juu ya ndizi kama samaki. Leokadia anatapika maji. Mwanamke mmoja abiria akamfunika kitenge chake, akauliza, "Mlikuwa mnakwenda wapi na hivyo vidude?"

Tumsifu kutoka kule chini akajibu, "Kisiwani."

"Kisiwa gani?"

Wote wakaniangalia, wa kwetu na wa boti. Na mimi, nikitetemeka, kamasi zinanitoka, dira limening'ang'ania mwilini, nikaonyesha kwa kidole zile ndizi nilizolalia, nikasema, "Hiki."

Boti nzima ikaangua kicheko, nahodha wao akashika tumbo, na kumbe mmoja wao alikuwa anakuja Kasulu kuuza mawese. Hivyo jina lilinitangulia kufika nyumbani.

Lakini tulipokaribia nchi kavu kicheko kilikatika chenyewe. Bibi Yustina alikuwa amesimama ndani ya ziwa, maji yamemfika kiunoni, yeye asiyejua kuogelea, kikapu bado kinaning'inia mkononi na maji yanaingia ndani yake. Aliona kila kitu kutoka pale. Aliona kichwa cha mwanawe kinazama na mwingine amekaa juu yake. Alikuwa anasema, "Mana yanje, Mana yanje," yaani Mungu wangu, taratibu, hapigi kelele. Alimpokea Leokadia, akampapasa uso, mgongo, mikono, kama anavyopapaswa mtoto mchanga. Halafu akanigeukia mimi.

"Mwanangu," akaniuliza, na hakuwa na hasira, afadhali angekuwa nayo, "wewe si mtu wa maji?"

"Hapana, mama," nikasema. "Hata kuogelea sijui."

Akatikisa kichwa, kama mtu aliyeulizia bei akajibiwa. Akakaa mchangani, akafungua kikapu, ugali umelowa, maharage yameingia maji, akatugawia kilichobaki. Na mimi akanipa. Tulikula. Dua hatukusoma, sala hatukusali.

Kwenye gari wakati wa kurudi, Leokadia alikuwa amelaza kichwa kwenye kioo, sauti imemkauka. Kabla hatujafika akaniambia, "Ungesema tu visiwa hakuna. Tungekaa pale mchangani, miguu majini. Mimi ilinitosha." Nikamshika mkono, akaniachia niushike, lakini wake haukunishika.

Akaenda Kibondo. Nilimpigia simu, akapokea; nikamwomba radhi, akasema yameisha, Mama Hija, usijitese. Nikapanda basi nikamfuata, nimebeba kitenge kizuri kuliko vyote dukani, na kingine cha mama yake. Nilimkuta uani kwake anaosha vyombo, amenipa mgongo, redio inaimba, na kwa furaha ya kumwona nikanyata nikamwekea mikono mabegani kama tulivyozoea. Aliruka, sufuria likaanguka, akageuka amejishika shingo, macho yamemtoka. Aliponitambua akacheka, akasema umenishtua, karibu, kaa. Alinipikia, tukaongea mpaka saa ya basi, akanisindikiza stendi. Tuliongea vizuri. Ila nilipoaga sikumkumbatia, nilimpa mkono, na niliona ameshukuru.

Kwa hiyo nimejiapiza. Sitampeleka mtu yeyote mahali nisipopajua, na neno "niachieni mimi" nimelitoa kinywani kwangu. Sasa najifunza neno lingine, na si rahisi kwa mtu aliyesifiwa ujuaji tangu utotoni. Juzi mteja kaja dukani, mama wa heshima, kashika kitenge, kaniuliza, "Hiki kikifuliwa kitachuja?" Zamani ningemwapia kwa majina yote. Nikamwambia, "Sijui, dada."

Akakirudisha, akavuka barabara akaingia duka la pili. Nikamtazama mpaka akapotelea mlangoni, kisha nikakikunja kitenge changu nikakirudisha mahali pake.