Lieve wa Izegem na wavu uliokatwa kabla ya fainali

Saa mbili asubuhi, ukumbi wa michezo wa Izegem unanuka sabuni ya sakafu na soksi za jana. Godelieve Vanhaverbeke, jina ambalo hutumiwa na daktari wake wa meno peke yake, yuko juu ya ngazi na bisibisi mdomoni. Anapima urefu wa ringi ya mpira wa kikapu kwa fimbo aliyoitia alama mwenyewe.

"Mita tatu na sentimita tano," anasema akishuka. "Haijawahi kupungua. Ninayepungua ni mimi."

Wengine wote humwita Lieve. Ana miaka sitini na tatu, mwili wa kuku wa kienyeji na sauti ya ng'ombe. Kwa miaka kumi na tisa alitia kamba kwenye viatu kiwandani, mpaka viatu vikaanza kuja kutoka mbali vimeshatiwa kamba. Sasa ni mwaka wa kumi na nne anautunza ukumbi huu kwa euro elfu mbili na kidogo kwa mwezi, na hicho kidogo, anasema, kinaishia kupasha nyumba moto.

Julai iliyopita ukumbi ulipewa mashindano ya Ulaya ya timu za taifa za wasichana wa chini ya miaka ishirini, daraja la pili. Lieve alifurahi kwa sababu moja kubwa: ukumbi wa mji jirani wa Tielt uliyaomba ukanyimwa, na mtunza ukumbi wa Tielt ni shemeji yake, Wilfried, ambaye kila chakula cha Jumapili huuita ukumbi wa Lieve banda la kuku lenye taa.

Hata hivyo, Tielt uliwekwa kama ukumbi wa akiba. Kukitokea hitilafu Izegem, mechi zinahamia huko.

"Siku kumi zote alikuwa akipiga deki," anasema Lieve, "akingoja taa zangu ziungue."

Taa hazikuungua. Kilichoharibika ni wavu.

Katika daraja hilo timu tatu za kwanza ndizo hupanda daraja, kwa hiyo mechi ya kutafuta mshindi wa tatu si ya kufutana machozi. Siku ya mwisho mechi hiyo ilichukuliwa kwa pointi moja na nchi ndogo ya kaskazini, jina tulisitiri, iliyokaa daraja la pili tangu wachezaji wake hawajazaliwa. Msichana mmoja wa timu hiyo alimfuata Lieve akichechemea, akaomba mkasi wa kukatia plasta ya kifundo cha mguu.

"Nikampa. Mtoto anachechemea, utamnyima mkasi?"

Akaenda kuchukua kitambaa cha kufutia sakafu. Aliporudi, wasichana walikuwa wamepanda ngazi aliyoiacha chini ya kikapu, wakiukata wavu. Desturi ya mchezo huu ni kwamba bingwa huukata wavu, kila mchezaji kitanzi chake, na kocha huondoka na uliobaki. Lakini ni bingwa peke yake. Hawa walikuwa wa tatu, na fainali ilikuwa saa kumi jioni, ikionyeshwa moja kwa moja kwenye televisheni.

"Nikawaambia, wanangu, fainali bado. Mmoja akanijibu, 'Mama, kwetu ndiyo hii.'"

Nyavu za akiba zilikuwa kabatini kwa mkuu wa michezo wa mji, Bwana Bavo, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa suruali yake, kando ya bwawa la kuogelea kusini mwa Ufaransa. Alipopigiwa simu aliuliza kama jambo hilo lisingeweza kusubiri hadi Alhamisi ya wiki ijayo. Kwa nini Lieve hakuvunja mlango wa kabati?

"Nimeupaka rangi mwenyewe mwezi Mei, mara tatu. Sivunji."

Mwamuzi mkuu akasema bila wavu hakuna mechi. Ikifika saa kumi kasoro robo, mabasi yanaondoka kwenda Tielt. Wilfried, inasemekana, aliipokea simu kabla haijalia.

Ukiacha ule wa kikapu cha upande wa pili, wavu pekee uliobaki ulikuwa shingoni mwa kocha wa timu ile, Solrun, aliyekuwa akicheza ngoma kwenye chumba cha kubadilishia nguo bila viatu. Lieve akaingia. Walizungumza Kiingereza cha kuokoteza, kila mmoja cha kwake.

"Naomba huo wavu, dada."

"Huu? Nitazikwa nao."

"Zikwa nao, sikatai. Lakini leo niazime kwa saa mbili tu."

"Na hao wa fainali wakiukata?"

"Hawaukati. Nitasimama hapo mwenyewe."

Solrun akamtazama kuanzia utosini hadi miguuni, kazi isiyochukua muda, akauvua.

Vitanzi kumi na viwili vilikuwa vimekatwa. Wasichana sita wa Solrun wakachomoa kila mmoja kamba moja ya kiatu, Lieve akazigawa katikati na kufunga fundo la kiwandani. Anasema vidole vilikumbuka vyenyewe. Dakika mbili kabla ya mabasi kuwashwa, mwamuzi aliuvuta wavu kama anayekamua ng'ombe. Ukashika.

Waholanzi waliwafunga Wapolandi kwa pointi tisa, kisha wakaikimbilia ngazi. Walimkuta Lieve amekaa kwenye kidato chake cha tatu, mikono kifuani, nchi nzima ikitazama.

"Mama, tupishe tukate wavu," akasema nahodha wao, Fenna.

"Huu una wenyewe."

"Sisi ndio mabingwa."

"Hongereni. Wavu wa mabingwa uko kule," akaonyesha kikapu cha upande wa pili.

"Lakini kamera ziko huku."

"Kamera zina magurudumu, mwanangu. Mimi sina."

Akateremka, akaitia ngazi begani, akauvuka uwanja mzima. Mabingwa wakamfuata mstari mmoja kama watoto wa chekechea wanaopelekwa kunawa mikono. Mtangazaji aliwaeleza watazamaji kwa heshima kwamba hiyo ni mila ya kale ya Izegem.

Solrun alirudishiwa wavu wake jioni ile, kamba za viatu zikining'inia. Wilfried alikuja chakula cha Jumapili iliyofuata, akala viazi vyake, na banda la kuku halikutajwa.

Msimu ujao wa joto timu ya Solrun inacheza daraja la juu, huko Ureno, na Lieve ametumiwa tiketi kwa posta. Ameshaomba likizo, ya kwanza kuchukua Julai tangu aanze kazi hii.

"Miaka kumi na minne sijaona mpira ukiingia kikapuni," anasema. "Macho yangu yako sakafuni, natafuta nani kamwaga nini. Safari hii nitakaa jukwaani, nile viazi vya kukaanga, nipige kelele. Halafu nimwage soda makusudi, nione mwingine akifuta."