Admeri wa Babu Yetu

Enzi zetu pale Changamwe, watoto wa jirani walikuwa na katuni za Jumamosi. Sisi tulikuwa na Admeri. Alikuwa Mwingereza aliyeongoza manowari wakati wa Vita Kuu ya Pili, na babu yetu, aliyekuwa dobi wa jeshi la majini Kilindini, alituambia kwamba yeye ndiye aliyempigia pasi sare zake nyeupe.

Jumamosi Babu aliwasha pasi ya mkaa, akanyunyiza maji ya wanga wa muhogo kwenye mashati yetu ya shule, na hadithi ikaanza. Harufu ya kitambaa kibichi kikiguswa na chuma cha moto ningali naisikia. Admeri, mtoto wa mchungaji wa kanisa, alipelekwa chuo cha wanamaji akiwa na miaka kumi na mitatu. Akapewa meli ndogo, na mstari wa dhahabu kwenye mkono wa koti. Meli ikazamishwa katika bahari ya baridi, akaelea juu ya ubao mpaka asubuhi, akapewa kubwa zaidi, na mstari mwingine. Mwishowe akaongoza kundi zima la manowari hadi Mombasa. Alipostaafu akarudi kwao kupanda mawaridi.

Kisha sisi watoto tuliirudia kwa zamu. Aliyeyasimulia yote bila kukosea, Babu mwenyewe alimpigia pasi shati, akambandika kwenye mikono ya shati vipande vya karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, kama mistari ya Admeri. Wengine tulijipigia. Binamu yangu Faraji alishinda kila wiki. Mimi sikushinda hata mara moja, maana nilikuwa nauliza. Bahari ikiwa ya baridi hivyo, mbona hakufa? Na wewe Babu, ulimwona lini?

"Pasi hiyo hapo," Babu alinijibu. "Piga lako."

Faraji alizunguka uani kama jogoo, nami wivu ukanizuia hata kula.

Wivu huo nilipanda nao ndege. Sasa tunakaa chumba kimoja Al Thumama, hapa Doha. Faraji anafua na kupiga pasi hotelini. Mimi nina shahada ya historia na ninalinda lango la ofisi. Chuoni nilisoma maisha ya Admeri tangu kuzaliwa hadi mawaridi. Babu alipoanza kazi Kilindini, Admeri alikuwa ameshahamishwa. Habari hiyo niliificha miaka mingi, nikisubiri siku ya kumchoma nayo Faraji.

Ijumaa iliyopita alikuwa kwenye simu, akimsimulia mwanawe aliyeko nyumbani ile meli iliyozama. Mtoto alitaka video. Alipokata, nikamwambia nilichokisoma chuoni.

"Najua," akasema. "Babu aliniambia nikiwa darasa la nne. Zile sare zilikuwa za karani wa ghala. Admeri mwenyewe, Babu alimwona gazetini tu."

"Mbona mimi hakuniambia?"

"Wewe ungemhoji kama polisi. Mimi nilinyamaza tu, akaendelea."

Watoto wa leo hawaujui uchungu huu. Wakitaka jambo wanaiuliza simu, nayo humjibu kila mtu sawasawa, haina mjukuu inayempenda zaidi. Kwetu ukweli ulikaa kwa mzee mmoja, naye alichagua wa kumpa. Mimi niliukuta maktaba, pamoja na tarehe na namba za kurasa. Faraji aliupokea kwa sauti ya Babu, aliyoishusha ili nisisikie.