Nilibandua Tepu za Bluu Nyumbani kwa Wifi

Kosa ni langu, na nalisema bila kulizungusha: chumba cha kulala cha wifi yangu kimeharibika kwa maji kwa sababu yangu. Si mvua. Si fundi. Ni mimi, mwanamke ambaye kanisani huitwa mbele kila wanapotafuta mfano wa subira.

Nisikilize taratibu, ndugu msomaji, maana hata mume wangu, lau angekuwa hai, nisingethubutu kumwambia. Wifi ni dada yake.

Sote wawili tunaishi hapa Sydney, upande wa magharibi. Sote ni wajane, sote tuliletwa na watoto. Nyumbani Tanzania wifi alikuwa mkaguzi wa shule. Kazi amestaafu, kukagua hajastaafu. Tangu niolewe amekagua chapati zangu, mapazia yangu, namna ninavyofunga kilemba, hata sala zangu, ambazo anasema huzunguka sana kabla ya kutua. Nami sikumjibu hata siku moja. Nilitabasamu, nikasema asante wifi. Watu waliona, wakanisifu. Nikazoea kusifiwa.

Basi wifi akapata nyumba katika kijiji cha wazee, mbele kidogo ya Doonside. Ni nyumba mpya kabisa, zimepangwa kama miche ya sabuni, kila moja na kibaraza chake na sanduku lake la barua. Naomba muelewe maana ya jambo hilo kwake. Alikulia nyumbani kwa baba, akaolewa nyumbani kwa mama mkwe, akaja huku akalala kwa binti yake katika chumba cha kupigia pasi. Maishani mwake hakuwahi kushika ufunguo wa mlango ulio wake peke yake. Aliponiambia, sauti ilimtetemeka. Kisha akakohoa ili nisijue.

Hapa, kabla hujakabidhiwa nyumba mpya, kuna siku ya kuikagua. Kila penye kasoro unabandika kipande cha tepu ya bluu. Msimamizi wa ujenzi anapita, anaandika, na kila penye tepu panatengenezwa kabla hujahamia. Ukishahamia ndipo ukalalamika, unaingia kwenye foleni, na katika foleni hiyo wamo wazee wanaoomba Mungu wafike mbele wakiwa hai.

Binti yake, nimwite Neema, ni nesi. Alimaliza shifti Ijumaa, akaenda na mama yake kukagua. Wifi ana mtoto wa jicho, haoni vizuri, kwa hiyo alikagua kwa mkono. Aligonga kuta zote, akauliza kama huu ni ukuta au biskuti. Neema akamwambia kuta za ndani za huku ni mbao na ubao wa jasi, ndivyo zilivyo, hiyo si kasoro. Kasoro zilikuwa kwingine. Neema alichukua gololi ya mwanawe, akaiweka sakafuni bafuni. Badala ya kuelekea kwenye tundu la maji, gololi ikatoka mlangoni, ikaingia chumbani, ikaenda kusimama pale kitanda kitakapokaa. Mteremko ulikuwa umewekwa kinyume! Akabandika tepu. Akabandika mlango wa kibaraza uliokwama, akabandika droo za jikoni zisizofunga, akabandika ufa juu ya dirisha. Yote haya alinisimulia kwa simu usiku ule, nami nikamwambia pole mwanangu.

Kesho yake Neema alikuwa kazini, akaniomba nisimame na mama yake msimamizi atakapokuja. Wifi Kiingereza anakijua cha darasani. Hiki cha huku anasema watu wanakimeza kabla ya kukitafuna. Mimi nimelea wazee wao kwa miaka mingi, nawasikia vizuri. Nikawa mkalimani. Nikapika maandazi, nikajaza chai kwenye chupa, nikaenda. Nia yangu, na hii ni kweli, ilikuwa pia kuiombea nyumba.

Tulifika mapema. Dada mmoja wa ofisini akamchukua wifi kumwonyesha ukumbi wa wazee. Nikabaki peke yangu.

Nikazitazama zile tepu. Nyumba nzima ilikuwa na madoa ya bluu kama mtoto mwenye tetekuwanga. Nikajiambia: mtu amepewa nyumba uzeeni, na shukrani yake ndiyo hii? Kwetu ukiingia nyumba mpya unasema hongera, hata kama umegonga paji la uso mlangoni. Nikajiambia sala haiwezi kupanda kutoka kwenye nyumba iliyojaa lawama. Nikaanza na droo. Nikabandua moja, nikabandua ya pili. Nikaenda kwenye mlango wa kibaraza, kisha dirishani. Nikazikunja pamoja, nikazitia kwenye mkoba wangu, karibu na kitabu cha nyimbo.

Hadi hapo mtu wa dini angeweza kunitetea.

Lakini niliingia bafuni. Pale palikuwa na tepu moja tu, sakafuni, ndefu, imebandikwa kwa nguvu. Habari ya gololi nilikuwa naijua. Nilijua maji yatakwenda wapi. Nilisimama, nikapiga magoti kama ninavyopiga kila siku, nikaivuta. Na mkono wangu ulifurahi! Hilo ndilo ninaloungama. Kila kipande nilichobandua kilikuwa neno moja aliloniambia tangu harusi yangu: chumvi imezidi, pazia limepinda, sala imezunguka. Miaka yote hiyo mimi ndiye niliyekuwa ukuta, na yeye ndiye mwenye tepu.

Ole wangu, nilikuwa nimemsamehe mara nyingi sana. Nilidhani inatosha.

Msimamizi akaja, baba mmoja mrefu, shingo imeungua jua. Akapita vyumbani, hakuona tepu, uso ukamfunguka. Wifi alimfuata huku ameshika ukuta, akijua tepu zipo, hazioni tu. Walipofika bafuni akanigeukia.

"Wifi, muulize hii sakafu wataitengeneza lini."

Nikamgeukia yule baba, nikamwambia kwa Kiingereza safi kwamba mama anasema nyumba ni nzuri mno, na Mungu aibariki mikono yake. Baba wa watu akaweka kiganja kifuani. Akasema katika kazi yake hawajazoea kuambiwa hivyo. Nikamgeukia wifi.

"Anasema yote yatashughulikiwa."

Jamani! Nimefundisha watoto amri zote kumi, na ile ya ushuhuda wa uongo huwa naikazia. Wifi akaweka sahihi pale alipoonyeshwa. Yule baba akala maandazi, akayasifu.

Haikunitosha. Tulipobaki wawili nikamhubiria. Nikamwambia nyumba hii ni zawadi, hii moja asiikague, hii aishukuru tu. Nilitegemea anijibu kwa kejeli, kama kawaida yake. Yeye akapapasa kitasa cha mlango wake.

"Sawa wifi. Hii nitaishukuru."

Na kweli akashukuru! Hapo ndipo Mungu aliponikamata. Mwanamke aliyekosoa kila kitu duniani alichagua kunitii siku ile, kwenye nyumba ile. Alihamia, na maji yalipoanza kuingia chumbani hakumwambia mtu. Alitandaza mataulo mlangoni. Akadeki kwa magoti. Mwishowe akaacha kabisa kufungua bomba la mvua, akawa anaoga kwa beseni. Mkaguzi wa shule mzima, anaoga kwa beseni ndani ya nyumba mpya, kwa ajili ya mahubiri yangu! Tulipomtembelea na kikundi cha maombi alisema anamshukuru Mungu kwa makao. Mama mmoja akasema hadharani kwamba ni mimi niliyembadilisha wifi. Wakapiga makofi. Niliinamisha kichwa, na wao wakaona ni unyenyekevu.

Neema ndiye aliyegundua. Mama yake alikuwa anakohoa, na safari hii hakuwa anaficha kitu. Neema akainua kitanda, akakuta zulia limeoza na ukutani kuvu nyeusi imepanda kama ramani. Akauliza tepu zilikwenda wapi. Wifi akasema msimamizi aliahidi kushughulikia yote. Neema akaunganisha mwenyewe: msimamizi ndiye aliyezibandua. Akaenda ofisini na hasira za mtoto anayemtetea mama yake. Yule baba akasimamishwa kazi wakati wanachunguza. Wifi akarudishwa kwenye chumba cha kupigia pasi.

Na mimi nilifanya nini? Nilimwombea yule baba. Nilimwombea kwa bidii, asubuhi na jioni, nikiwa nimeukalia ukweli kama kuku aliyekalia mayai. Nilimwomba Mungu aguse mioyo ya wakubwa wake. Mungu alikuwa na njia fupi zaidi, nami nilikuwa naijua.

Siku moja, katikati ya sala, nikasikia ninavyozunguka. Wifi alisema kweli. Nikaacha, nikavaa viatu, nikapanda treni hadi Doonside, nyumbani kwa Neema.

Nilimkuta amekaa kitandani, nguo za watu wengine zimekunjwa kandokando yake. Nikamwambia yote, hata habari ya mkono kufurahi. Sikulia, maana niliona nikilia atalazimika kunibembeleza. Akasogeza nguo, nikapata pa kukaa.

"Kumbe ulikuwa unanisikia," akasema.

"Nilikusikia kila siku, wifi."

"Mimi nilidhani ninaongea na jiwe. Nilikuwa nakuchokoza uniambie nyamaza we mwanamke, tucheke, yaishe. Kaka yangu alioa mtu, nikataka nimjue. Ukawa unasema asante wifi, asante wifi." Akafuta macho kwa ncha ya khanga. "Si ungenijibu siku ya chapati? Umengoja mpaka nipate bafu."

Kwa mara ya kwanza ukimya wangu haukuwa subira, ulikuwa ukimya tu.

Nilikwenda ofisini, nikaeleza. Yule baba alirudishwa kazini. Tulikutana getini, akanisalimia kwa adabu zaidi ya nilivyostahili, wala hakutaka maelezo. Nilitamani anitukane. Neema ananiamkia shikamoo kwa sababu alilelewa vizuri, lakini baada ya shikamoo hakuna kinachofuata. Kanisani nimewaambia wasiniite mbele tena, na wao wakaona nimezidi kuwa mnyenyekevu. Siwezi kuwasaidia.

Nyumba ya wifi imo kwenye foleni. Wanasema sakafu yote itavunjwa, zulia litolewe, ukuta ukaushwe, na mafundi wana nyumba nyingine mpya za kujenga kwanza. Ufunguo wake anao, ameuvaa shingoni kwa uzi. Huwa nampelekea uji. Juzi alionja, akasema una madonge. Nikafungua mdomo niseme asante, nikajizuia.

"Kama una madonge, tafuna," nikamwambia.

Alicheka mpaka nikampokonya kikombe kisimwagike. Kisha akaniambia na sukari haitoshi.

Ndugu zangu mnaosifiwa kwa upole, nawaonya kwa machozi. Ukipewa nyumba mpya, kagua sakafu kwanza. Mungu hakasiriki shukrani ikichelewa kidogo. Ukiitwa kuwa mdomo wa mwenzako, sema alichosema. Na mtu akikuudhi, mjibu siku hiyohiyo kwa maneno, apate nafasi ya kukujibu. Usimwekee. Mimi niliweka miaka yote, nikaita fadhila, na mwanamke mzee ndiye anayelipa, analala kwenye chumba cha watu akisubiri nyumba aliyokwisha kuipata.

Mniombee. Ila msiniombee subira. Hiyo ninayo, na mmeona kazi yake.