Mlango Wenye Tumbo la Maji

Munyemana alizaliwa Uvira, Kongo, lakini Nzahaha, kijiji cha mama yake huko Rwanda, aliijua tangu ananyonya. Mama yake, Mukandori, alikuwa akiisimulia kama mtu anayesimulia jana. Aliikimbia mwaka wa hamsini na tisa, akiwa msichana tu, akaacha kaburi la mama yake kando ya mti wa mvumu, na hilo kaburi halikumtoka moyoni.

Vita vya Rwanda vilipotulia walirudi wote, Munyemana akiendesha Corolla yake nyeupe, wakapata nyumba Kamembe, mjini karibu na mpaka. Kufika Nzahaha hakukuwezekana upesi. Mara usalama, mara kazi ya kuwapandisha wafanyabiashara kutoka darajani Rusizi, mara pumu ya Mama. Hata vita vya pili vikawaka ng'ambo, Kongo, daraja likafungwa, na gari likakaa uani bila kazi. Ndipo Mukandori akasema, kwa sauti yake ya kusali rozari, "Munyemana, unipeleke. Nikaone ile kaburi, nirudi."

Wakaondoka. Hata Nyakarenzo hawajafika, Mama alianza kukoroma kifua, midomo ikawa ya buluu. Zulia la gari lilikuwa limelowa na kuota ukungu, na harufu ile ilimkaba kooni. Wakageuza. Kupanda pikapu juu ya magunia asingeweza, na pikipiki ndiyo kabisa.

"Gari ikikauka, Mama, tutaenda," Munyemana akamwahidi.

Ahadi ni kitu kizito. Masika ya mwaka ule hayakuwa na huruma, na kila asubuhi maji yalikuwa yamesimama miguuni upande wa abiria, upande ulioelekea mteremko wa ua. Munyemana alikausha kwa matambara, Patricie mkewe akasaidia kukamua, kesho yake yamejaa tena. Fundi Adrien, jirani yao, alikuja akabandika gundi kuzunguka kioo cha mbele. Patricie akaketi ndani na tochi, wao wakamwaga maji juu ya paa. Kioo kilikuwa kikavu kabisa, lakini baada ya muda soksi za Patricie zililowa.

"Hii gari yako inalia kama mwali siku ya ndoa," Adrien akamtania. "Inalia tu, sababu hakuna."

Munyemana hakucheka. Akafanya alichofundishwa na madereva wa bonde la Rusizi. Kule barabara hugeuka mto, maji humjia dereva kutoka chini. Kwa hiyo kila masika huziba kila tundu la chini, hata yale madogo ya ukingo wa milango, kwa lami na vipande vya mpira wa gurudumu. Alikuwa amefanya hivyo miaka yote, mkono umezoea. Akalala chini ya gari, akaongeza lami. Maji yakazidi. Jioni hiyo alikaa kwenye kizingiti, mikono myeusi, akikwangua lami kwenye kucha.

Siku moja mvua ilipokatika, Mukandori aliketi barazani akiota jua. Munyemana akafunga mlango wa gari. Mama akainua kichwa.

"Funga tena."

Akafunga tena.

"Ile mlango iko na tumbo. Inasikika kama kibuyu ya pombe."

Munyemana akautikisa, na kweli, maji yalicheza ndani. Akapiga magoti, akang'oa kipande cha mpira alichokiweka mwenyewe. Maji ya kutu yakamwagika juu ya miguu yake, mengi, hayaishi. Mvua ilikuwa ikiingia pembeni ya kioo cha mlango, kama inavyoingia kwenye gari lolote, ikitafuta njia ya kutokea chini. Na njia yeye ndiye aliyeifunga, maji yakajaa mlangoni mpaka yakafurikia ndani.

Akacheka peke yake, akang'oa yote. Kisha akainua zulia ili likauke vizuri. Kidole gumba kikapita kwenye bati la sakafu kama kwenye mkate uliolowa.

Adrien aliingia chini, akakaa huko muda mrefu. Alipotoka hakutania. Ubavu mzima ulikuwa umeoza, mpaka vyuma vinavyoubeba mwili wa gari. Kuchomelea kulitaka gesi, na gesi ilitoka Bukavu, ng'ambo ya daraja.

"Na daraja?" Munyemana akauliza, ingawa alijua.

"Tungoje, Mzee. Barabarani itakatika katikati."

Mama alikuwa amesikia. Hakulia. Aliomba tu akaketishwe ndani ya gari. Wakaweka ubao chini ya kiti, juu ya bati lililooza, wakambeba, na Munyemana akakaa kwenye usukani wa gari lililosimama. Mvua ikaanza tena, ikapiga paa, na miguuni pake hapakuingia hata tone.

"Iko kavu," akasema. Akapumua vizuri. Kisha akanyoosha kidole mbele, kwenye kioo chenye maji. "Sasa pita kanisa ya Nzahaha. Polepole, kule iko mteremko."

"Ndiyo, Mama," Munyemana akajibu, akaweka mguu kwenye breki.